Kwa nini Gari Liundwe kwa Jirani?

(Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa mbele ya wanakisomo wa Mwazye. Tumeyaandika ili na wale ambao hawakufika wayasome, peke yao au kikundini.)



Tunajua mmetoka shambani na mmechoka. Kwa hiyo hatutasema maneno mengi ya kuzunguka. Tutaanza na jambo lenyewe.

Leo tutazungumza juu ya magari. Msishangae. Ni kweli kwamba wengi wetu hapa hatuna gari. Mwenye baiskeli ana baiskeli, mwenye ng'ombe ana mkokoteni, na vijana wachache wana pikipiki. Lakini gari linatuhusu sote. Mahindi yetu na maharage yetu hayana miguu. Yasipopata lori yanabaki ghalani, na dumuzi hana huruma. Tena, mnunuzi anapotupa bei hapa kijijini, kwanza ameshatoa gharama ya lori. Lori likiwa ghali, mkulima ndiye anayelipa, hata kama hajawahi kupanda ndani yake.

Basi, mazungumzo haya yana chanzo chake. Siku moja lori lilikuja kuchukua maharage. Mwenzetu mmoja wa kisomo alilizunguka akisoma kila herufi aliyoiona, kama tulivyofundishwa tusome popote. Akaona kibao kidogo cha bati karibu na mlango. Juu pana jina la kampuni ya Japani. Chini yake pana maneno ya Kiingereza. Akamwuliza dereva, "Kijana, hapa pamesemaje?" Dereva akajibu, "Hapo pamesema gari hili limeunganishwa Kenya."

Mwenzetu alikuja darasani na maswali matatu. La kwanza, gari hili ni la Mjapani au la Mkenya? La pili, kama Mjapani anajua kuunda gari, kwa nini asiliunde kwao akaleta likiwa zima? La tatu, kama gari linauzwa Tanzania, kwa nini lisiundwe Tanzania? Mama mmoja akadakia, "Mimi naona ni kama mtu kwenda kupika ugali kwa jirani, halafu akaubeba kuja kuula kwake!" Tulicheka sana. Lakini maswali yale yalikuwa na akili. Tukaahidi kuyajibu.

MKOKOTENI WA FUNDI WETU

Tuanze na kitu tunachokijua. Mkokoteni wa ng'ombe unatengenezwaje hapa kwetu? Fundi hasafiri mpaka Sumbawanga mjini akarudi na mkokoteni mzima. Anakwenda kununua chuma cha katikati na magurudumu yake mawili. Anavipandisha juu ya gari, analipa nauli ya mzigo mdogo. Akifika hapa anapasua mbao, anapiga misumari, anafunga mti wa nira. Mkokoteni umekwisha.

Kwa nini afanye hivyo? Kwanza, mkokoteni mzima hujaza nafasi kubwa ndani ya gari, na nafasi nyingi ni hewa tupu ya sandukuni. Vipande huchukua nafasi ndogo. Pili, mbao ziko hapa hapa. Tatu, mikono ya fundi iko hapa, na malipo yake si kama ya fundi wa mjini. Nne, wanunuzi wako hapa. Akikosea kipimo, mwenye mkokoteni atamfuata nyumbani kwake leo hii.

Basi lile lori lenye kibao ni hivyo hivyo. Injini na vyuma vikubwa vilitengenezwa Japani au nchi nyingine ya mbali. Vilifungwa katika masanduku, vikapakiwa melini, vikashushwa bandari ya Mombasa. Vikapelekwa kiwandani. Huko mafundi wa Kenya wakaviunganisha: wakachomelea, wakapaka rangi, wakafunga injini, wakatia viti, betri na matairi. Hata bodi ya nyuma, ile tunayopakia magunia, mara nyingi hujengwa na karakana za hapa hapa Afrika Mashariki. Kazi hiyo huitwa kuunganisha magari.

Kwa hiyo swali la kwanza tumelijibu. Gari lile ni la Mjapani kwa jina na kwa injini. Ni la Mkenya kwa jasho la kuliunganisha.

Tusidhani kwamba ni mambo mageni. Wazee wetu wa Ufipa walikuwa mabingwa wa chuma. Walijenga tanuru la udongo, refu kuliko mtu, lililoitwa ilungu. Masalia ya malungu hayo yanaonekana hata sasa katika nchi yetu. Je, walilijenga mlangoni pa nyumba? La. Walitafuta mahali penye udongo mzuri wa kichuguu, penye miti ya kuchoma makaa, na pasipokuwa mbali na mawe ya chuma. Chuma kikitoka humo kilisafishwa tena katika tanuru dogo, kintengwe. Ndipo mhunzi akafua jembe. Kazi moja, mahali mbalimbali. Waliangalia hesabu ya mzigo na ya kuni. Mwenye kiwanda cha magari huangalia hesabu hiyo hiyo.

HESABU YA UBAONI

Sasa swali la pili. Kwa nini gari lisije zima kutoka Japani? Hapa kuna neno moja kubwa: ushuru wa forodha. Huu ni ushuru ambao serikali inatoza vitu vinavyoingia kutoka nje.

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina ushuru wa pamoja tangu mwaka 2005. Walianza na ngazi tatu. Vitu ghafi vya kutumia viwandani, hakuna ushuru. Vitu vilivyotengenezwa nusu, asilimia 10. Vitu vilivyokamilika, asilimia 25. Mwaka 2022 wakaongeza ngazi ya nne ya asilimia 35 kwa baadhi ya vitu. Gari zima ni kitu kilichokamilika. Lakini vipande vya gari vinavyokwenda kuunganishwa kiwandani, Kenya huviachia ushuru huo.

Chukueni kalamu, tufanye hesabu. Huu ni mfano tu, si bei halisi. Ziko na kodi nyingine, tumeziacha ili tusichanganyikiwe.

Lori zima linafika bandarini kwa shilingi 100. Asilimia 25 ya 100 ni 25. Kwa hiyo lori limegharimu shilingi 125.

Sasa lori lile lile lije vipande vipande. Vipande ni shilingi 90. Ushuru hakuna. Kazi ya kuunganisha kiwandani ni shilingi 20. Tisini na ishirini ni 110. Mmeona? Kuna faida ya shilingi 15 kwa kila lori. Na vijana wa nchi ile wamepata kazi. Ndiyo maana serikali zinapanga ushuru namna hiyo. Zinamwambia mwenye kampuni: "Karibu uuze kwetu, lakini jasho lako lidondoke hapa."

Ngojeni, hesabu haijaisha. Kiwanda kina mlinzi, kina umeme, kina mashine za bei kubwa, kina mafundi wa kulipwa kila mwezi. Gharama hizo zipo, liunganishwe lori moja au mia. Kiwanda kikipata wanunuzi wachache, kazi ya kuunganisha lori moja haitakuwa shilingi 20 tena. Itapanda, tuseme, mpaka 45. Tisini na arobaini na tano ni 135. Hapo ni nafuu kuagiza lori zima! Kiwanda kitafungwa.

Kwa hiyo kiwanda cha magari kinahitaji kijiji kikubwa. Nchi moja ya wakulima, ambayo wengi wake hawanunui gari jipya, haitoshi kukilisha. Lazima kiuze na kwa majirani. Na hapo tunakutana na mpaka. Lori la shilingi 110 likivuka mpaka, na jirani akalitoza asilimia 25, linakuwa shilingi 137 na senti 50. Halinunuliki. Lakini majirani wakiwa wamekubaliana wasitozane, linavuka kwa shilingi 110 ile ile.

Tuandike ubaoni mambo manne yanayoamua gari liundwe wapi: ushuru, gharama ya kusafirisha, mishahara na ufundi, na wingi wa wanunuzi. Juu ya yote manne, andikeni neno hili: MAPATANO. Majirani wasipopatana, hayo manne hayafanyi kazi.

HATA WAKUBWA WAPIKA KWA JIRANI

Yule mama aliyesema habari ya ugali asidhani alikosea. Wako matajiri wanaofanya hivyo hasa.

Marekani ni nchi iliyoyafanya magari kuwa kitu cha watu wengi. Kampuni ya Ford ilianzishwa mwaka 1903 mjini Detroit. Mwaka uliofuata tu, 1904, Ford ilianza kuunda magari ng'ambo ya mto, upande wa Kanada. Ni mto tu unatenganisha. Sababu yake nini? Kanada ilikuwa inatoza ushuru mkubwa magari ya kutoka nje. Tena Kanada ilikuwa chini ya Uingereza, na kutoka huko kampuni iliweza kuuza katika makoloni ya Waingereza. Kuvuka mto mmoja kukafungua milango mingi.

Hapo walikwenda kwa jirani ili wamwuzie jirani na rafiki zake. Baadaye mambo yakageuka. Wakaenda kwa jirani ili wajiuzie wenyewe nyumbani. Mwaka 1965 Marekani na Kanada zilipatana magari na vipuri vivuke mpaka bila ushuru, kwa masharti. Mwaka 1994 ukaanza mkataba wa nchi tatu: Marekani, Kanada na Meksiko. Viwanda vingi vya magari vikajengwa Meksiko. Fundi wa Meksiko analipwa kidogo kuliko wa Marekani, lakini ufundi anao. Reli na barabara zipo. Gari likikamilika linavuka mpaka, linauzwa Marekani kwa jina la kampuni ya Marekani. Huo ndio ugali uliopikwa kwa jirani na kuliwa nyumbani.

Je, wote walifurahi? Hapana. Katika miji ya Marekani iliyotegemea viwanda, watu walikosa kazi. Wakalalamika. Mkataba ukaandikwa upya, ukaanza mwaka 2020. Huo mpya unadai kwamba sehemu kubwa ya gari, asilimia 75 ya thamani yake, itoke ndani ya nchi hizo tatu. Unadai pia sehemu fulani ya gari itengenezwe na wafanyakazi wanaopata angalau dola 16 kwa saa. Halafu mwaka 2025 serikali ya Marekani iliweka ushuru wa asilimia 25 juu ya magari ya kutoka nje. Majirani nao waliguswa, ingawa kwa magari yanayofuata mkataba, sehemu zilizotengenezwa Marekani ziliachiwa. Viwanda vilivyojengwa kwa kutegemea mapatano vikaanza kupiga hesabu upya.

Mnaona basi. Ushuru ukisogea, kiwanda kinatikisika. Na sisi Afrika Mashariki tumeshayaonja hayo. Tena tuliyaonja mapema.

KWA NINI KENYA, SI KWETU?

Sasa tumefika kwenye swali la tatu, lile linalouma.

Wakati wa ukoloni, Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa soko moja. Lakini viwanda vingi vilijengwa Kenya. Huko ndiko walikokaa walowezi wengi, na Nairobi palikuwa makao ya mambo mengi ya Waingereza katika sehemu hizi. Tulipopata uhuru tulikuta jirani ana kiwanda na sisi tuna duka la kuuzia vitu vya kiwanda chake. Tanganyika na Uganda zikasema, jamani, hivi haiwezekani.

Mwaka 1964 wakakutana Kampala. Wakagawana viwanda vya baadaye, kama ndugu wanavyogawana mashamba. Uganda ikapewa baiskeli. Kenya ikapewa taa za umeme, yaani globu. Tanganyika, ambayo mwaka huo huo iliungana na Zanzibar, ikapewa matairi ya magari, na ikapewa kuunganisha magari ya Land Rover. Wazo lilikuwa hili: kila kiwanda kiwe kimoja, na kiuze katika nchi zote tatu. Kumbukeni hesabu yetu ya shilingi 20 na shilingi 45.

Wazo lilikuwa zuri. Lakini makubaliano yale hayakutimizwa kama yalivyoandikwa. Angalieni matairi. Tanzania ilijenga kiwanda Arusha, General Tyre, pamoja na kampuni ya Marekani. Kikaanza kutoa matairi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lakini wakati huo huo kiwanda kingine cha matairi, cha Firestone, kilijengwa Nairobi. Kutoka Arusha mpaka Nairobi si mbali; basi huenda kwa saa chache. Viwanda viwili, na wateja ni wale wale.

Mwaka 1967 nchi tatu zilitia sahihi mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Uliziruhusu Tanzania na Uganda kutoza kodi maalumu vitu fulani vya viwanda vya Kenya, ili viwanda vyao vichanga vipate kukua. Hata hivyo ugomvi haukwisha. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka huo, ukafunguliwa tena mwaka 1983.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1970, Kenya ilikuwa imejenga viwanda vitatu vya kuunganisha magari: kimoja Thika, kimoja Nairobi, kimoja Mombasa. Tanzania nayo ikaunganisha malori ya Scania pale Kibaha. Kila nchi ikawa na sufuria lake. Lakini unga ulikuwa mchache. Kila kiwanda kilibaki na soko la nchi moja, na fedha za kigeni za kuagizia vipande zikawa haba.

Wazee waliopo hapa wanaikumbuka miaka ile. Mkoa wetu wa Rukwa, ulioanzishwa mwaka 1974, ulikuwa mmoja wa mikoa minne iliyosifiwa kwa mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Mahindi tulilima. Lakini lori likipasuka tairi, lilikaa. Barabara ilikuwa ya vumbi kiangazi na matope masika. Mahindi yaliyotakiwa mjini yalinyeshewa huku. Hatusemi sababu ilikuwa viwanda vya magari peke yake. Ilikuwa vita, mafuta ghali, barabara mbovu na mambo mengine. Lakini tairi na kipuri vilikuwa ndani ya hesabu hiyo.

Na vile viwanda viwili vya matairi viliishia wapi? Cha Arusha kilisimama katika miaka ya 2000. Cha Nairobi kiliacha kutengeneza matairi mwaka 2016. Matairi ya bei rahisi kutoka Asia yalikuwa yamejaa sokoni. Aliyegombana na nduguye juu ya shamba, na aliyeshinda ugomvi, wote wawili leo wananunua tairi kwa mtu wa mbali.

SIKU HIZI

Jumuiya imezaliwa upya. Mkataba mpya ulitiwa sahihi Arusha mwaka 1999. Rwanda na Burundi ziliingia mwaka 2007, Sudan Kusini mwaka 2016, Kongo mwaka 2022, na Somalia mwaka 2024. Kijiji kimekuwa kikubwa sana. Ndiyo maana makampuni yanaangalia tena huku. Kile kiwanda cha Nairobi kilikuwa na ubia wa General Motors ya Marekani. Mwaka 2017 Isuzu ya Japani ilinunua hisa zake, na jina likawa Isuzu East Africa. Huuza malori na mabasi Kenya, na pia kwa majirani, Tanzania tukiwamo. Mwaka 2018 Volkswagen ya Ujerumani ilianza kuunganisha magari Kigali, Rwanda. Uganda ina kampuni yake ya Kiira, ya kuunda mabasi, pale Jinja. Na hapa kwetu, Kibaha imeamka. Kuna kiwanda cha GFA kinachounganisha malori kwa vipande kutoka China.

Mnasikia hapo? Nairobi, Kigali, Jinja, Kibaha. Kila mmoja anataka sufuria lake tena.

Tusisahau jambo jingine. Bidhaa haivuki mpaka bila ushuru kwa sababu tu imefungwa boliti na jirani. Sheria za Jumuiya zinadai iwe imefanyiwa kazi ya kutosha ndani ya Jumuiya. La sivyo, inatozwa kama kitu cha kutoka nje. Nchi zikibishana juu ya neno hilo "ya kutosha", lori linasubiri mpakani, na gharama ya kusubiri inatufuata mpaka Mwazye.

Pia viwanda hivyo vina mshindani mkubwa: gari lililotumika. Magari mengi tunayoyaona barabarani yalitumika Japani kwa miaka kadhaa, ndipo yakaletwa. Bei yake ni ya chini. Kwa mwenye fedha kidogo ni msaada. Kwa kiwanda cha kuunganisha ni mwiba.

SISI WA MWAZYE TUFANYE NINI?

Kuna mtu atasema: haya ni mambo ya serikali na matajiri, sisi yatusaidie nini?

Ndugu zetu, hebu tuseme ukweli. Kikundi chetu kinachanga fedha. Tunataka lori dogo, ili mazao yetu yafike Matai na Sumbawanga bila kumwangukia mtu miguuni. Tumeshachanga misimu miwili. Kuna akina mama hapa wameuza kuku wao. Sasa tumegawanyika. Wengine wanasema tununue lori lililotumika, kwa kuwa fedha zinatosha. Wengine wanasema tungoje, tununue jipya lililounganishwa hapa Afrika Mashariki. Maneno yamekuwa makali kidogo. Tumeona afadhali tuyaseme hadharani kuliko kuyasema njiani.

Kwanza tukubali kosa letu sisi tulioandaa mazungumzo haya. Miaka iliyopita tulikuwa mbele kuwashauri mnunue mashine ya kukamua alizeti. Ilikuwa rahisi. Inang'aa. Hatukuuliza imeundwa wapi wala vipuri vyake viko wapi. Ilikamua msimu mmoja. Chuma kimoja kidogo kilikatika. Aliyetuuzia akasema hana kingine na hajui kitapatikana lini. Mnaijua iliko sasa. Kuku wanatagia ndani yake. Fedha ile ilikuwa yenu, na sisi ndio tuliosema "nunueni". Tunaomba radhi.

Kwa hiyo safari hii hatutasema "nunueni hili" wala "nunueni lile". Tutasema: ulizeni kwanza. Lori lina mambo matatu ya kusomwa kabla ya bei.

Moja. Someni kibao. Limeundwa wapi, limeunganishwa wapi, mwaka gani? Usiogope maneno ya Kiingereza. Mwite kijana wa sekondari akusomee, lakini wewe mwenyewe uione ile tarakimu ya mwaka.

Mbili. Ulizeni vipuri. Chukueni majina ya vitu vitano vinavyoharibika upesi: springi, klachi, breki, pampu na betri. Mtu mmoja aende maduka ya Sumbawanga mjini aulize: vipo? Bei gani? Visipokuwapo, vinatoka wapi, na kwa siku ngapi? Aandike katika daftari. Gari lililounganishwa karibu haliwi zuri kwa sababu hiyo tu. Faida yake ni pale ambapo mwenye kiwanda ana mawakala wenye vipuri na mafundi. Kama hana, ukaribu wake ni wa jina. Na gari lililotumika si baya kwa sababu hiyo tu. Kama yako mengi ya aina hiyo barabarani, mafundi watakuwa wanalijua.

Tatu. Pigeni hesabu ya miaka mitano, si ya siku ya kununua. Bei ya kununua, ongeza matairi, ongeza vipuri, ongeza siku za kulala njiani. Ile siku moja ya kulala njiani wakati wa mvua, na maharage juu, nayo ni fedha.

Siku hizi barabara ya lami imefika Sumbawanga kutoka Tunduma. Hiyo ni nafuu kubwa. Kilichobaki ni sisi kupanda gari linalofaa barabara zetu za ndani, kwa hesabu tuliyoiandika wenyewe.

Tena kuna somo jingine, la mapatano. Nchi tatu ziligawana viwanda mwaka 1964, lakini makubaliano hayakushikwa. Hazikukosa akili. Kila moja iliogopa kwamba mwenzake atapata zaidi. Sisi watu wa kikundi kimoja, je, tuna tofauti gani nao? Tukigawanyika, nusu itanunua kilori kibovu, nusu itanunua pikipiki tatu. Mwisho wake wote tutarudi kumngoja yule mwenye lori mwenye kibao.

Kwa hiyo tunaomba Jumamosi wote mfike. Wawili waliochaguliwa kwenda mjini walete daftari la vipuri. Lisomwe mbele ya watu, mstari kwa mstari. Asiyejiamini kusoma kwa sauti asome hivyo hivyo polepole, tutamngoja. Fedha ni zenu. Ndipo tutapiga kura.



MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Fundi wa mkokoteni huagiza vitu gani kutoka mjini, na vipi hupata hapa? Kwa nini?

2. Lori zima lina bei ya shilingi 200. Ushuru ni asilimia 25. Jumla ni ngapi? Vipande vyake ni shilingi 180, na kuunganisha ni shilingi 40. Jumla ni ngapi? Lipi nafuu, na kwa kiasi gani?

3. Kwa nini kiwanda cha magari kinahitaji wanunuzi wengi?

4. Viwanda viwili vya matairi, Arusha na Nairobi, vinatufundisha nini sisi wa kikundi kimoja?

5. Tafuta kitu kimoja nyumbani kwako: redio, baiskeli, jembe au taa. Soma kimeundwa wapi. Andika jina la nchi hiyo, ulilete darasani.